Jina la Kukodi, Bili ya Mwenye Nyumba

Mgeni anapoingia hotelini siku hizi, akishakabidhiwa ufunguo huuliza swali moja: intaneti ipo? Akijibiwa kwamba ipo na ni ya bure, huridhika. Hudhani aliyelipa ni ile kampuni kubwa ambayo jina lake linang'ara juu ya paa. La hasha! Mara nyingi aliyelipa ni mfanyabiashara asiyejulikana, aliyejenga kwa mkopo wa benki na kulikodi jina hilo kwa mkataba. Ili tuelewe jinsi mzigo huu ulivyomwangukia, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1951, Kemmons Wilson, mjenzi wa nyumba wa mji wa Memphis, Marekani, alisafiri na familia yake kwenda Washington. Aliudhika kutozwa dola 2 zaidi kwa kila mtoto katika nyumba za wageni. Mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza mjini kwake. Humo watoto walilala bure chumba kimoja na wazazi wao, na bwawa la kuogelea lilikuwapo. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kujenga nchi nzima, akauza haki ya kutumia jina. Aliyeinunua alijenga kwa fedha zake, akafuata masharti na kulipa ada. Kufikia mwaka 1968 hoteli zilikuwa 1,000.

Mwaka 1965 kampuni hiyo ilileta Holidex, mtambo wa kompyuta uliomwezesha mgeni aliye katika hoteli moja kuwekewa chumba katika hoteli ya mji mwingine. Ilikuwa faida kubwa kwa wote. Lakini tangu hapo teknolojia ikawa sehemu ya masharti: makao makuu huamua, mwenye jengo hugharimia.

Kisha ikaja Wi-Fi, mwaka 1999. Hoteli nyingi ziliigeuza kuwa chanzo cha mapato, na tamaa ikazidi kipimo. Oktoba 2014, Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 baada ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani kuchunguza hoteli ya Gaylord Opryland, Nashville. Wafanyakazi walikuwa wakizuia wageni kutumia intaneti ya vifaa vyao wenyewe, huku waliokuja na maonyesho wakitozwa kati ya dola 250 na 1,000 kwa kila kifaa. Januari 2015, Marriott ikaanza kuwapa bure intaneti ya kawaida wanachama wake waliojiwekea nafasi moja kwa moja. Mapato yalipungua, lakini nyaya, mitambo na mafundi vilibaki kudai fedha zao.

Hebu tupige hesabu. Tuseme hoteli ya vyumba 80 huingiza dola 1,000,000 kwa mwaka. Ada ya jina yaweza kuwa kama asilimia 5 ya mapato ya vyumba, mbali na michango ya matangazo na ya kuwekea wageni nafasi. Desturi ya biashara hii ni kutenga asilimia 4 ya mapato kwa kubadilisha vifaa, yaani dola 40,000. Humo humo yatoke magodoro, mazulia na mapazia. Tena kabati laweza kudumu miaka 10, lakini mtandao hauna subira hiyo: Wi-Fi 6 ilianza kuthibitishwa mwaka 2019, na Wi-Fi 7 ikafuata mwaka 2024.

Basi, kama mtandao mzima utagharimu dola 30,000 na kudumu miaka 5, mwenye hoteli atenge dola 500 kila mwezi tangu siku ya kwanza. Malipo ya kila mwezi ya intaneti na ya fundi yawe katika matumizi ya kawaida, yasile akiba hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyefanya hivyo, barua ya makao makuu itamkuta mikono mitupu.

Wapo wenzetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kigali wanaotamani kutundika majina makubwa ya kigeni juu ya milango yao. Si vibaya, jina huleta wageni. Lakini kabla ya kutia sahihi waulize: nani atachagua vifaa, vitabadilishwa baada ya muda gani, na nani atalipa? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Benki haitamdai mwenye jina. Itamdai mwenye jengo.