Lucas Radebe na Mabao Ambayo Hayakuingia

Nenda kijiwe chochote cha soka uulize nani alifunga katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1996. Hutakosa mtu wa kukujibu harakaharaka: Mark Williams! Aliingia kutoka benchi, akaitungua Tunisia mara mbili ndani ya dakika mbili, Afrika Kusini ikashinda 2-0, na Mzee Mandela akashuka uwanjani na jezi ya taifa.

Sasa uliza swali la pili. Nani aliwazuia Watunisia wasifunge hata moja? Hapo jamaa wataanza kutazamana. Atakohoa mmoja, mwingine ataagiza kahawa.

Hii ndiyo historia yetu ya kandanda ilivyoandikwa. Ni historia ya nyavu zilizotikisika. Beki anaingia kitabuni akikosea. Andrés Escobar wa Kolombia alijulikana dunia nzima kwa sababu ya goli alilojifunga mwaka 1994 kule Marekani, na kwa sababu siku chache baadaye, aliporudi kwao Medellín, aliuawa kwa risasi. Miaka yote aliyocheza vizuri haikumpa jina kubwa kama dakika ile moja mbaya.

Mimi nataka tumtazame beki mwingine aliyekuwa kwenye ukuta wa fainali ile ya 1996, Lucas Radebe. Nimemchagua kwa sababu maisha yake hayasimuliki kwa mabao, hata ukitaka.

Alizaliwa Aprili 1969 Diepkloof, Soweto, mmoja wa watoto 11. Alikuwa na miaka saba pale wanafunzi wa Soweto walipoandamana Juni 1976 na kumiminiwa risasi. Mwaka huohuo FIFA iliifukuza kabisa Afrika Kusini ya makaburu. Kwa hiyo mtoto huyu alijifunza mpira katika nchi ambayo haikuwa na mechi ya kimataifa ya kucheza. Ungekuwa hodari vipi, mwisho wako ulikuwa hapohapo.

Katikati ya miaka ya 80 mitaa ya Soweto ilikuwa inawaka moto. Wazazi wake wakaona huyu kijana tutampoteza, wakampeleka Bophuthatswana, kile kinchi cha bandia ambacho serikali ya ubaguzi ilikiita taifa huru wakati ulimwengu haukukitambua. Huko, ili kupitisha muda, Lucas akawa anacheza mpira. Unajua namba gani? Kipa! Baadaye akahamia kiungo, na ni Kaizer Chiefs, klabu aliyojiunga nayo mwaka 1989, iliyomfanya beki wa kati.

Mwaka 1991 akiwa Soweto, katika shughuli za kawaida za nyumbani, alipigwa risasi. Iliingia mgongoni ikatokea pajani, na kwa rehema za Mungu haikugusa kiungo cha maana. Aliyefyatua hajajulikana. Mwenyewe amewahi kusema anashuku kuna watu walitaka kumzuia asihame klabu. Hebu fikiria hilo, msomaji. Mtu hana hata bao moja la kujivunia, lakini kuna anayemthamini kiasi cha kutaka kumvunja miguu asiende kwingine. Watu wa mpira wenyewe wanaijua thamani ya beki. Tusioijua ni sisi tunaosimulia.

Julai 1992 Afrika Kusini ilirudi katika soka la dunia kwa kucheza na Kameruni mjini Durban. Ikashinda 1-0 kwa penalti ya Doctor Khumalo. Radebe alikuwa uwanjani siku hiyo. Vitabu vinakumbuka penalti, na ni sawa, maana ilikuwa penalti ya kihistoria. Lakini Kameruni ile ilikuwa imefika robo fainali ya Kombe la Dunia miaka miwili tu kabla, na siku hiyo haikupata kitu. Sifuri ile nayo ina wenyewe.

Mwaka 1994 Leeds United ya Uingereza ilimtaka mshambuliaji Phil Masinga. Radebe akachukuliwa pamoja naye, kwa ada inayotajwa kuwa pauni 250,000, na wengi waliona kaletwa ili Masinga asipate upweke kwenye baridi ya Yorkshire. Yaani jamaa alikwenda Ulaya kama mtu wa kumsindikiza bwana harusi! Msimu wa kwanza akakaa sana nje, goti likamtesa. Aprili 1996 kipa wa Leeds alitolewa kwa kadi nyekundu katika uwanja wa Manchester United, na hapakuwa na kipa mwingine. Radebe akavaa glavu. Yale ya Bophuthatswana yakamfaa. Aliwazuia mabingwa wale kwa muda mrefu mpaka Roy Keane alipofunga, mchezo ukaisha 1-0. Amefungwa, ndiyo, lakini washabiki wa Leeds wanaikumbuka siku ile kuliko siku nyingi za ushindi.

Masinga aliondoka Leeds mwaka 1996. Yule msindikizaji akabaki, na Septemba mwaka huo kocha George Graham akaichukua timu. Sasa naomba utulie na tarakimu hizi, maana ndizo zilizonisukuma kuandika. Msimu wa 1996/97, katika mechi 38 za ligi, Leeds ilifunga mabao 28 tu. Ishirini na nane! Timu zote tatu zilizoshuka daraja msimu ule zilifunga mengi kuliko Leeds. Nottingham Forest, iliyoshika mkia, ilifunga 31. Leeds ikamaliza ya 11.

Ilikuwaje? Jibu liko upande wa pili wa jedwali, ambao wengi hatuusomi: ilifungwa mabao 38 tu. Mji mzima ulibaki ligi kuu kwa kazi ya ukuta wake, na Radebe alikuwa jiwe mojawapo la ukuta huo, akipewa kazi ya kumkaba mshambuliaji hatari wa wapinzani kama kivuli. Ulikuwa mpira mkavu, sikatai. Watu walisinzia. Lakini kushuka daraja kunafukuzisha watu kazi, na mtu hasinzii pale ajira inapokatwa.

Mwaka 1998 akawa nahodha wa Leeds, na mwaka huohuo aliiongoza Afrika Kusini katika Kombe lake la kwanza la Dunia, kule Ufaransa. Mwaka 2000 FIFA ilimpa tuzo ya mchezo wa kiungwana kwa juhudi zake dhidi ya ubaguzi na kwa kazi yake na watoto. Mandela alipokwenda Leeds Aprili 2001, ulimi ulimteleza mzee akaushukuru umati wa Liverpool, watu wakacheka. Lakini kwa Radebe hakukosea: alimtaja kuwa shujaa wake. Msomaji, mtu aliyefungwa gerezani miaka 27 anajua maana ya kuzuia na kungoja.

Na mabao je? Katika mechi zake za ligi akiwa Leeds, zaidi ya miaka kumi, hakufunga hata moja. Alilofunga likakumbukwa lilikuwa la kichwa dhidi ya Spartak Moscow, Desemba 1999, katika Kombe la UEFA, lililoivusha Leeds. Kwa taifa alicheza mechi 70 na kufunga mawili. Moja ndilo lenye kuuma.

Ni Kombe la Dunia la 2002, Afrika Kusini dhidi ya Hispania. Radebe, nahodha, anapanda juu na kusawazisha kwa kichwa: 2-2. Dakika chache tu, Raúl anafunga, 3-2. Afrika Kusini na Paraguay wakamaliza wote na pointi 4, na tofauti ya mabao ikawa sawa. Paraguay ikasonga mbele kwa kuwa ilifunga 6, Afrika Kusini 5. Bao moja! Ukipenda, sema walikosa bao la kufunga. Mimi nasema lilikuwepo pia bao moja la kuzuia. Lingezuiliwa lile la Raúl, pointi zingekuwa 5 na mambo yangekwisha hapo. Yote mawili yana uzito uleule, ila lile la kuzuia halina picha gazetini.

Leeds ilishuka daraja mwaka 2004. Radebe, majeraha yakiwa yamemla miguu, alibaki msimu mmoja zaidi, akastaafu 2005. Katika mechi yake ya kuagwa walifika watu zaidi ya 37,000. Vijana wa muziki wa mji huo walikuwa wameshaipa bendi yao jina la Kaiser Chiefs, kutokana na klabu aliyotoka. Mji ulimwelewa.

Phil Masinga alifariki Januari 2019. Ndiye aliyefunga dhidi ya Kongo Agosti 1997, bao lililoipeleka Afrika Kusini Ufaransa, na bao lile halitasahaulika, wala halifai kusahaulika. Simpunguzii marehemu hata chembe. Lakini walipanda ndege pamoja, na hadithi ya mmoja tunaijua kwa dakika wakati ya mwenziwe inabidi tuitafute kwenye safu ya mabao ya kufungwa.

Sisi tunaojifunza kuandika tuna la kujiuliza hapo. Mtaani kwako yupo mama aliyezuia nyumba isiuzwe, yupo mzee aliyezuia vijana wasipigane, na hakuna aliyeandika, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Jumamosi nenda uwanja wa jirani ukakae nyuma ya goli. Acha kumtazama namba tisa, mtazame namba tano dakika zote 90, halafu urudi nyumbani ujaribu kuandika ukurasa mmoja. Utaona kazi ilivyo ngumu.