Kiumuo, Si Wakala

Orodha mpya ya istilahi za mapishi iliyonifikia hivi karibuni imeamua kwamba kile kinachoufanya unga uumuke kiitwe "wakala wa uchachushaji". Wakala, kwa Mswahili wa leo, ni mtu aliyeketi kibandani akitoa na kupokea fedha za simu. Zamani kidogo alikuwa mkata tiketi wa meli. Sijapata kusikia kwamba ameingia kwenye bakuli la unga. Walioketi kulitunga jina hilo hawakuutazama unga. Waliyatazama maneno mawili ya Kiingereza, wakalibadili moja, wakalibadili la pili, wakafunga kikao.

Kibaya zaidi ni mahali walipolitumia: kwenye maelezo ya biskuti za Kusini mwa Marekani. Hizi si biskuti kavu za kuchovya kwenye chai. Ni nene, laini, zenye matabaka. Hupasuliwa kwa mkono zingali moto, zikapakwa siagi au kumwagiwa rojo zito la soseji. Na sifa yake ya kwanza ni kwamba hazichachi. Uchachushaji ni mtoto wa kuchacha, na kuchacha kunataka muda: togwa huchacha, na mchuzi wa jana ukichacha humwagwa. Biskuti ya Kusini haisubiri. Bikaboneti ya sodiamu ikikutana na asidi ya mtindi, hewa ya ukaa huanza kutoka papo hapo. Mpishi akisimama kupiga soga, ameipoteza. Uchachushaji uko wapi hapo?

Kundi la pili, ambalo nalo silitaji, limetuletea "hamira ya kikemikali". Hamira tumeipata kwa Waarabu: khamira, ndugu wa khamr, yaani mvinyo, kwa kuwa kinachoumua mkate na kinachochachua mvinyo ni viumbe hai wale wale wanaokula sukari na kutoa hewa. Mombasa wamelihifadhi shina hilo vizuri mno, wakakiita chakula chenyewe mahamri, kana kwamba wanamkataza mtu kusahau kilichomo. Maandazi yametokana na kuandaa. Mahamri yametokana na hamira. Neno lenye nasaba hiyo haliwezi kukabidhiwa unga wa dukani usio na uhai kwa kuongezewa tu "ya kikemikali".

Historia nayo inawasuta. Mwaka 1843 Alfred Bird, mfamasia wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza bekingi pauda kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Unga huo umezaliwa kwa kuikwepa hamira! Mwaka 1856 Eben Horsford, profesa wa Harvard, akapata hataza ya kutumia chumvi ya fosfeti mahali pa asidi iliyokuwa ikitumika. Bikaboneti na asidi kavu zikakaa kopo moja, zikingoja maji. Kuuita mchanganyiko huo hamira ni kumrudishia mama yule ugonjwa wake.

Wapo pia wanaosema magadi, au magadi soda, na hawa nawaheshimu zaidi, kwa kuwa wametoka jikoni, si mkutanoni. Gamba la Ziwa Magadi kule Kenya lina kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zilizoshikamana, basi udugu upo. Lakini bonge la magadi ya kulainishia maharage halikusafishwa wala kutenganishwa. Hata bikaboneti safi, ikikosa asidi ya kutosha, hubadilika kwa joto la oveni kuwa kaboneti, na biskuti ikatoka na madoa ya manjano na ladha ya sabuni. Kwa hiyo magadi ndiyo yanayobaki mpishi anapokosea kipimo.

Tukisema "soda" peke yake, tumempa msomaji chupa. Na Wamarekani hawatusaidii, kwani wanazo kweli biskuti zinazokandwa kwa 7UP, kinywaji alichokitoa Charles Leiper Grigg mwaka 1929. Asidi ya sitriki iliyomo huiamsha bikaboneti iliyokwisha changanywa kwenye unga. "Biskuti za soda" ni zipi basi, za kopo au za chupa?

Lugha yenyewe imekwisha kutupatia jibu. Unga huumuka, anayeufanya hivyo huuumua. Kutoka zibua tumepata kizibuo, kutoka fungua ufunguo. Kutoka umua tunapata kiumuo, wingi viumuo, ngeli ya KI-VI, bila kuazima wala kubandika. Ni jina la kundi zima: hamira ni kiumuo hai, bekingi pauda ni kiumuo kikavu, ute wa yai uliopigwa ni kiumuo, hata mvuke ni kiumuo. Nao uzao wake ni mzuri. Unga aliouombea hataza Henry Jones wa Bristol mwaka 1845, ambao orodha hiyo hiyo inauita "unga wa kujiinua" kana kwamba ulianguka, ni unga wa kujiumua. Basi.

Mwenzangu mmoja amependekeza "kifurishi", na amekipigania kwa maandishi marefu. Kinachofura ni jipu na shavu la mwenye jino bovu. Sina la kuongeza.

Kwa anayetaka kupika: unga vikombe 2, bekingi pauda kijiko kikubwa 1, bikaboneti robo ya kijiko cha chai, chumvi kidogo, sugua ndani yake siagi baridi vijiko vikubwa 6 hadi iwe chenga, tia mtindi robo tatu ya kikombe, kanda kidogo tu, kata kwa bilauri bila kuizungusha, kwani ukiizungusha utaziba kingo zisipande, kisha oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi dakika 12 hadi 15.

Nimeambiwa kwamba watu wameshazoea "bekingi pauda" na hawahitaji neno jingine. Waendelee nalo, ni jina la bidhaa moja, kama hamira ilivyo jina la nyingine. Mwalimu wa upishi atakayeziweka zote mbili ubaoni ndiye anayehitaji kichwa cha somo. Pendekezo langu la kiumuo nililipeleka kunakohusika, nikajibiwa kwamba limepokelewa. Kupokelewa si kusomwa. Toleo lijalo la orodha likija na neno lenye hoja kuliko hili, nitalitumia. Likija tena na wakala, nitamwomba aniwekee salio.