Kangomba: Historia ya Simo Moja ya Nachingwea na Ruangwa

Wengi wetu tulio katika kazi ya kukuza lugha tumezoea kuitazama simo kama mgeni asiyealikwa. Husemwa kwamba simo ni maneno ya vijiweni, ya vijana wasiojali lugha yao. Kwamba huzuka leo na kufa kesho, na kwa hiyo si kazi ya mkuza istilahi kuyaandika. Hata jina lake jingine, misimu, limebeba hukumu hiyo: maneno ya msimu, yajayo na mvua na kuondoka na kiangazi. Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo kwa kufuata historia ya neno moja tu, kangomba, kama lilivyotumika katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Huko, ukitaja msimu bila kufafanua, watu huelewa kwanza msimu wa korosho.

Kabla ya kulifikia neno lenyewe, yafaa tukumbuke ni Kiswahili cha namna gani kilichokulia sehemu hizo. Ni nchi ya Wamwera, pamoja na majirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ikafyekwa kwa matingatinga, reli ikajengwa kutoka pwani, na vibarua wakamiminika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, ukiwa umekwisha kula pauni zipatazo milioni 36. Na reli nayo ikafungwa miaka ya 1960. Kisha wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, ambao walikuwa na kambi yao Nachingwea hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea mpaka ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 1995.

Watu wa asili mbalimbali namna hiyo, wakikutana kwenye mabohari, kambini na sokoni, waliongea Kiswahili, lakini si kile cha vitabuni. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa imesanifisha lugha kwa kufuata Kiunguja, na usemi wa kusini ukabaki kuwa jambo la kusahihishwa darasani. Neno manamba, walilopewa vibarua wa mashamba ya mkonge waliotambuliwa kwa namba zao, lilikuwa la dharau na la mitaani. Leo limo katika vitabu vya historia, na hakuna anayeona haya kuliandika.

Sasa tuje kwenye kangomba. Umbo lake lina sura ya maneno ya udogo yaanzayo na ka-, ambayo yamejaa katika lugha za kusini, nayo Kiswahili sanifu huyakwepa kwa kupendelea ki-. Maana yake ya kwanza ni chombo: kopo au bakuli la kupimia korosho, ambalo mnunuzi hulihesabu kuwa kilo moja ingawa hubeba zaidi. Chombo kikazaa jina la biashara. Mkulima wa korosho huhitaji fedha nyingi wakati hana kitu, yaani kati ya Mei na Agosti, mikorosho inapochipua na kutoa maua, na unga wa salfa unapotakiwa kupulizwa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Hapo hutokea mwenye fedha. Humkopesha mkulima kwa makubaliano kwamba atalipwa kwa korosho, kwa kipimo kile kile cha bakuli na kwa bei ya wakati wa njaa. Huko ndiko kuuza kwa kangomba.

Upande wa pili tunayo istilahi iliyotungwa kwa makusudi, stakabadhi ghalani. Sheria ya stakabadhi za mazao ghalani ilitungwa mwaka 2005, na katika korosho utaratibu wenyewe ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mazao yake kwenye chama cha msingi, hupewa karatasi, na husubiri mnada. Kwa wilaya zetu mbili minada huendeshwa na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake (nalo ni neno la kuundwa!) limefumwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siikosoi istilahi stakabadhi ghalani. Imeundwa kwa kufuata kanuni zote na inaeleweka. Lakini mkulima aliyeulizwa kwa nini hakupeleka korosho ghalani hakuwa na neno jingine la kumjibu muulizaji ila kangomba. Lugha rasmi ilikuwa na jina la dawa tu, na jina la ugonjwa likatoka mtaani.

Niliwahi kupita sokoni Ruangwa na kumkuta kijana akimweleza babu yake, kwa kicheko, kwamba korosho za mwaka ule "zimekwenda kangomba." Mzee hakucheka. "Mjukuu wangu," alisema, "sema umeuza korosho za mama yako zingali maua. Hilo la kangomba kawaambie wenzako."

Maneno yale yalinifikirisha kuliko makala mengi niliyopata kuyasoma juu ya simo. Sisi maofisa wa istilahi huikataa simo kwa kuwa si sanifu. Mzee yule hakujali usanifu hata kidogo. Aliikataa kwa kuwa ililifanya deni lionekane mchezo. Kijana alihitaji neno jepesi ili aweze kulitamka jambo zito, na mzee akamnyima wepesi huo. Ubishi wao, kwa maoni yangu, una maana zaidi kuliko ubishi wetu.

Wepesi huo ulikwisha mwaka 2018. Msimu ule wakulima walikataa bei za wanunuzi mnadani, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuikusanya. Malipo yalitanguliwa na uhakiki: aliyeleta korosho alitakiwa aonyeshe shamba lake. Asiye na shamba alihesabiwa kuwa kangomba. Tuone neno lilivyosafiri: lilikuwa bakuli, likawa biashara, sasa limekuwa mtu, tena mtu mwenye kosa. Viongozi walilitamka majukwaani, magazeti yakaliandika katika vichwa vya habari. Neno walilolitumia vijana kupunguza aibu likageuka kuwa shtaka, na aliyelitamka jana kwa kicheko akalisikia leo likiulizwa na mhakiki.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika rasimu moja ya orodha ya istilahi za ushirika nililifuta neno hili na kuweka "ununuzi usio rasmi." Niliona nimelisafisha. Kumbe nilikuwa nimeondoa kipimo cha udanganyifu, nikaondoa deni, nikaondoa na maua ya mkorosho, nikabakiza neno ambalo lingeweza kuwa la mwuza nyanya njiani. Watu wa Kagera wana neno butura kwa kahawa inayouzwa ingali mtini, nalo halitoshi katika "ununuzi usio rasmi." Yawezekana siku moja tukapata istilahi moja ya taifa zima itakayobeba hayo yote. Mpaka hapo, sioni sababu ya kamusi kuyafungia mlango maneno ambayo mahakama na minada imekwisha yasikia.

Nimelirudisha neno katika kadi zangu. Maana ya kwanza, chombo, na ya pili, biashara, nimeziandika kwa wino. Ya tatu, ile ya mtu, nimeiandika kwa penseli, kwa sababu wazee niliowauliza Nachingwea wanaitambua maana hiyo lakini wanakataa kumwita hivyo jirani yao.