Machungwa ya Malindi: Dawa ya Bei Chee Iliyochukua Miaka 400 Kupata Jina

Pale Malindi, kwenye mwamba unaoingia baharini, kuna mnara wenye msalaba juu ambao watalii hawaachi kupiga nao picha. Ni mnara wa Vasco da Gama, Mreno aliyefika hapo mwaka 1498. Jina lake kila aliyekaa darasani analijua. Lakini kwenye stori hiyo hiyo wapo watu wengine wasio na mnara wala jina, nao ni wakulima wa machungwa wa pwani. Ukiifuatilia stori vizuri unagundua kwamba hao ndo walikuwa na dawa ambayo Ulaya ilikuja kuielewa zaidi ya miaka 400 baadaye.

UGONJWA WA MABAHARIA

Ugonjwa wenyewe unaitwa kiseyeye. Fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, miguu inajaa, mtu anachoka hata kusimama hawezi. Kidonda kilichopona zamani kinaweza kufunguka upya kama vile umeumia jana. Usipotibiwa, unakufa.

Wareno wale walitoka Lisbon Julai 1497. Melini chakula kikuu kilikuwa biskuti ngumu, nyama ya chumvi na divai. Tunda bichi hakuna, mboga hakuna. Januari 1498, wakiwa pwani ya Msumbiji, watu wakaanza kuvimba miguu na fizi.

Aprili wakafika Mombasa. Mtawala wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Shajara iliyoandikwa na mmoja wao, ambaye hata yeye jina lake halijulikani kwa uhakika, inasema wagonjwa wote walipona wakiwa Mombasa. Sasa angalia kichekesho: mwandishi huyo akasema waliponywa na hewa nzuri ya mji! Tunda wamekula, sifa imeenda kwa hewa.

KUFURU YA KUDHARAU KASKAZI

Kutoka Malindi walipewa rubani mzoefu, wakaondoka na upepo wa kusi, na India wakaiona ndani ya mwezi mmoja. Kurudi ndo balaa lilipoanza. Kila nahodha wa jahazi wa pwani hii alijua kwamba ukitaka kutoka India kuja huku unasubiri kaskazi. Wao wakang'oa nanga mapema Oktoba, kaskazi haijashika. Safari ile ile ikala karibu miezi 3.

Miezi 3 bila tunda ni hukumu. Watu 30 walikufa baharini, na kila meli ikabaki na watu 7 au 8 tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Januari 1499 walipoona Malindi, wagonjwa walikuwa na hamu ya kitu kimoja: machungwa. Mtu akatumwa ufukweni, kesho yake akarudi nayo pamoja na matunda mengine. Kwa wengi ilikuwa too late, kama mjuavyo vijana kusema. Walifia pale pale Malindi. Siku chache baadaye meli moja ikachomwa moto kwa sababu mikono ya kuiendesha haikutosha. Waliofika nyumbani Ureno hawakufika hata nusu ya walioondoka.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Wagonjwa wenyewe ndo walioyataka machungwa. Maana yake baharia wa kawaida, asiyejua kusoma, alishaona tunda linafanya kazi. Ila maneno ya baharia yaliishia melini, hayakuingia kwenye vitabu vya madaktari. Kwa miaka 250 iliyofuata mabaharia waliendelea kufa kwa ugonjwa ambao dawa yake inaning'inia mtini.

WATU 12 WALIOBADILISHA MAMBO

Mei 1747, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili. Chakula cha kawaida wote walikula sawa. Kilichotofautiana ni dawa: kuna waliopewa siki, kuna waliokunywa maji ya bahari, wengine matone ya tindikali, na wawili wakapewa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku 6. Lakini tayari mmoja wa wale wawili alikuwa amerudi kazini, na mwenzake alikuwa mzima kiasi cha kuwauguza wengine. Lind aliandika kitabu mwaka 1753, ila majina ya watu wale 12 hayamo. Na yeye pia alipita kando kidogo: alipendekeza juisi ichemshwe muda mrefu ili isiharibike safarini. Kumbe moto ndo unaoua ile dawa! Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuagiza juisi ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795. Lind alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Neno vitamini lenyewe lilizaliwa mwaka 1912, na mwaka 1932 ndipo ilipothibitishwa kwamba kinachozuia kiseyeye ni vitamini C. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliipata kwa wingi kwenye pilipili za kwao, na mwaka 1937 akapewa tuzo ya Nobel.

SASA TURUDI KWENYE SAHANI

Vitamini C inafanya nini hasa? Mwili unaihitaji kutengeneza kolajeni, ile gundi inayoshika ngozi, fizi, mishipa na makovu. Ikikosekana gundi inaachia, ndo maana vidonda vya zamani vinafunguka. Mbuzi na mbwa wanajitengenezea wenyewe mwilini. Binadamu hawezi, lazima aile.

Pia ni antioksidanti. Kata parachichi uliache mezani, litageuka rangi ya kahawia. Likamulie ndimu, litachelewa kugeuka. Ndani ya mwili nako kuna kazi inayofanana na hiyo, ya kulinda seli zisiharibiwe.

Na habari njema ni kwamba huhitaji kopo la vidonge vya bei mbaya. Pera moja la mtaani lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, gramu kwa gramu ni kama mara 4. Papai lipo, embe lipo, kachumbari ipo. Ukila zaidi ya unachohitaji, mwili hauweki akiba kubwa. Ziada inatoka na mkojo. Kwa hiyo kula kidogo kila siku kunashinda kufakamia Jumapili moja.

Ila kosa la Lind bado linatembea majikoni kwetu. Mchicha unachemshwa mpaka unabadilika rangi, kisha maji yanamwagwa. Vitamini C inayeyuka kwenye maji na inaharibiwa na moto, kwa hiyo sehemu kubwa imeenda na yale maji. Mboga isikae motoni muda mrefu, maji yawe machache, na ndimu ikamuliwe mwishoni chakula kikishaepuliwa. Ndimu hiyo hiyo inausaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage, jambo la maana sana kwa dada zetu na mama wajawazito.

Je, kwenu mchicha unakaa motoni dakika ngapi, na yale maji yake huwa yanakwenda wapi?