Kudai au Kujifanya: Kitenzi cha Kiingereza "Pretend" na Ukoo wa Stuart

Msomaji wa Kiswahili akikutana na kitenzi cha Kiingereza "pretend", tafsiri inayomjia kwanza ni kujifanya au kujisingizia. Tafsiri hiyo inakidhi matumizi ya leo, lakini inaweza kupotosha nyaraka za Uingereza za karne ya 17 na ya 18.

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini "praetendere", yaani kunyoosha au kutandaza kitu mbele. Kinachotandazwa chaweza kuwa hoja, chaweza pia kuwa pazia. Kiingereza kilikipokea katika karne ya 14, na tangu mapema maana mbili ziliishi pamoja: kudai, na kudai kwa uongo. Kifaransa cha leo bado kinasema "prétendre" kwa maana ya kudai.

Utata huo ulipata uzito wa kisiasa mwaka 1688. Tarehe 10 Juni, Mfalme James II, aliyekuwa Mkatoliki, alipata mwana, James Francis Edward. Wapinzani wakaeneza uvumi kwamba mtoto hakuzaliwa na malkia, bali aliingizwa chumbani kwa siri ndani ya chombo cha kupashia kitanda joto. Uvumi haukuwa na msingi, kwani uzazi ulishuhudiwa na watu wengi. Hata hivyo ulidumu. Mfalme alikimbilia Ufaransa na kufia huko mwaka 1701. Bunge likamtaja mwanawe katika sheria kwa kitenzi hichohicho, na mwaka 1708 Malkia Anne, dada yake kwa baba, alimwita "the Pretender" mbele ya Bunge. Mwanasheria aliweza kusikia mdai. Mtu wa mtaani akasikia laghai. Wafuasi wake walimwita Mfalme James. Mwanawe, Charles Edward, aliyeshindwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, aliirithi lakabu hiyo pamoja na madai yenyewe.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika "aliyejifanya mfalme" anarudia, pengine bila kujua, hukumu ya upande mmoja. Tunapendekeza "mdai kiti cha enzi". Kudai nako si kitenzi kisicho na upande: mwandishi wa gazeti anapoandika "anadai kuwa", amekwisha kujitenga na kauli anayoinukuu. Lakini hajasema kwamba ni uongo.