Mkanda Unatolewa na Ofisi, Umati Je? Nani Kafanya Kubwa Zaidi Kwenye Mieleka

Leo tunaweka pembeni mambo ya nani kaachana na nani. Leo ni mieleka, kwa sababu Jumapili iliyopita hapa Mabatini nusura watu washikane mashati. Tulikuwa kijiweni kwetu, jirani na Mto Mirongo, tunasubiri jua lipungue, mtu mmoja akatupa swali: kwenye mieleka ya kulipwa ya zama zetu, nani kafanya jambo kubwa kuliko wote?

Bodaboda mmoja akasema John Cena, hakuna mjadala. Ubingwa wa dunia mara 17! Wa 16 aliupata Januari 2017 kwa kumpiga AJ Styles, akalingana na mkongwe Ric Flair. Halafu akakaa miaka minane bila kuongeza, mpaka Aprili 20, 2025 kule Las Vegas, kwenye WrestleMania 41, alipomtoa Cody Rhodes.

Mwenzake akamkatisha. "Wewe bado mtoto. Undertaker, kaka! Kashinda WrestleMania mara 21 mfululizo." Dogo mmoja wa chuo akachomoa simu, akasema nyie wote hamjui historia. Akatusomea: Bruno Sammartino alikaa na mkanda siku 2,803 mfululizo, toka Mei 1963 hadi Januari 1971. Hata Roman Reigns tuliyemwona juzi tu, na siku zake 1,316 toka 2020 hadi 2024, hajafika hata nusu.

Sauti zikapanda. Ndipo mama anayetuuzia chapati akacheka, akasema: "Wanangu, yaani mnatoana mishipa kwa ajili ya maigizo?"

Kijiwe kizima kimya.

Kiukweli lile neno liliniuma, na ndilo limenikalisha chini kuandika. Maana mama hajakosea, lakini hajamaliza.

Nikiwa darasa la nne tulikuwa tunalipa shilingi 100 kuingia kibanda umiza. Benchi za mbao, turubai, joto la watu, na TV moja ya mgongo. Undertaker akitokea na taa zikizimwa, kuna watu wazima walikuwa wanaamini kabisa yule jamaa alikufa akafufuka. Mimi nilikuwa mmojawapo, ingawa si mtu mzima. Nina mshkaji wangu, tumekua naye mtaa mmoja, siku moja alipanda juu ya jiwe, mnajua mawe yetu ya Mwanza yalivyo, akasema yeye ni Jeff Hardy, akajirusha mgongo mgongo. Alitua kwenye ardhi kavu, mkono ukaenda. Mpaka leo ule mkono wa kushoto haunyooki vizuri. Na Jumapili alikuwepo palepale kijiweni, kaushika kiwiko chake, hasemi kitu.

Sasa tuambizane ukweli. Kwamba matokeo yanapangwa si siri ya jana. Februari 1989 kampuni ya Vince McMahon, ambayo leo ni WWE, ilikiri yenyewe mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano. Sababu haikuwa uungwana. Michezo ya kweli ilikuwa chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo, na usimamizi una gharama. Wakaona bora waitwe wasanii, mambo yaishe.

Ukishajua hilo, zile namba za kijiweni zinaanza kuyumba. Mwanariadha akivunja rekodi, saa ndiyo inasema. Mwanamieleka akishinda mkanda, ofisi ndiyo imesema.

Chukua namba 16 ya Ric Flair, ambayo Cena aliikimbiza miaka yote hiyo. Ni 16 kwa hesabu ya WWE. Wapo wanaomhesabia 21 na zaidi, kwa sababu kuna mikanda aliyoichukua huku na huko ambayo kampuni imeamua kutoihesabu. Au Goldberg, enzi zile WCW walipotangaza kashinda mara 173 bila kupoteza. Mashabiki waliokuwa wanahesabu wenyewe waligundua namba inaruka, wiki hii hivi, wiki ijayo imeongezewa. Desemba 27, 1998 Kevin Nash akaimaliza hiyo hadithi.

Na ile 21 ya Undertaker? Ilianza 1991 kwa Jimmy Snuka, ikaisha Aprili 6, 2014 kule New Orleans, Brock Lesnar alipomlaza chini. Watu uwanjani walishika vichwa kama kuna msiba. Undertaker mwenyewe amewahi kusimulia kwamba uamuzi ulibadilishwa siku ileile ya pambano. Miaka 23 ya kujenga, bosi anabadilisha mawazo siku moja. Nilikuwa sekondari, habari zikanifikia shuleni Jumatatu, nikaona kama naonewa mimi.

Kwa hiyo mama chapati kashinda? Hapana. Subiri kidogo.

Kwanza, kupangwa hakumaanishi hakuumi. Juni 28, 1998 kule Pittsburgh, Mick Foley alirushwa na huyohuyo Undertaker kutoka juu ya kizimba cha chuma, akatua kwenye meza ya watangazaji, akainuka, akapanda tena, akaanguka tena ndani ya ulingo. Ilipangwa, lakini mwili uliopokea ile sakafu ni wa nyama na mifupa. Mei 23, 1999 huko Kansas City, Owen Hart alikuwa anashushwa kwa kamba kutoka darini kama mbwembwe za kuingilia. Akachomoka, akaanguka, akafariki. Pale hapakuwa na maigizo.

Pili, na hapa ndipo hoja yangu ilipo, kuna kitu kimoja ambacho ofisi haiwezi kukupa hata ikitaka: watu. Sisi wa kanda hii tulitakiwa kulielewa hilo mapema kuliko Wamarekani.

Wasukuma tuna ngoma za mashindano, Wagika na Wagalu. Simulizi inasema karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani ana dawa kali zaidi. Wakaamua ubishi umalizwe uwanjani, kwa ngoma. Mpaka leo baada ya mavuno makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, moja huku, jingine kule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Nenda Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo mwezi wa Juni, utaona mwenyewe. Watu wanacheza na chatu, wanacheza na vinyago, wanafanya vituko vya kila aina ili wewe uliyesimama upande wa pili uhame. Hakuna anayeuliza kama kile kituko ni cha kweli. Wanaangalia umati umekwenda wapi.

Sasa kumbuka kwenye mieleka ya miaka ya 80 kulikuwa na Jake Roberts, anaingia ulingoni kabeba chatu kwenye mfuko. Bibi yangu aliwahi kumwona kwenye mkanda wa zamani, akasema "huyo ni Mgoyangi," yaani wale wacheza na nyoka wetu. Hakushangaa hata kidogo.

Basi tupime kwa kipimo hicho. Nani alivuta umati mpaka ofisi ikashindwa kubishana nao?

Mimi nampa Kofi Kingston.

Msinirukie. Kofi kazaliwa Ghana mwaka 1981, jina lake la nyumbani Kofi Sarkodie-Mensah. Alipoanza kuonekana kwenye runinga ya WWE mwaka 2008, walimtambulisha kama Mjamaika. Wakampa na lafudhi ya kuigiza. Yaani Mwafrika halisi, jina lenyewe linasema, anaambiwa ajifanye anatoka kisiwani kwa akina Bob Marley. Baadaye hilo likaachwa kimyakimya. Akakaa miaka 11 kama mtu wa kuchangamsha, mkanda wa pili, mkanda wa timu, kuruka ruka, kurusha chapati za maboksi ya chakula kwa mashabiki na wenzake wa New Day. Mkanda mkubwa? Hapana.

Februari 2019 mwenzake mmoja, Mustafa Ali, akaumia. Kofi akaingizwa kujaza nafasi. Narudia, kujaza nafasi. Februari 12 akapigana zaidi ya saa moja, anamaliza mmoja anakuja mwingine. Siku tano baadaye, kwenye Elimination Chamber, akabaki na bingwa Daniel Bryan mwishoni. Akashindwa, lakini watu walikuwa wamesimama wanaliita jina lake. Kuanzia hapo kila mji walikokwenda ni Kofi, Kofi, Kofi. Ofisi ikatunga hadithi ya kumnyima nafasi, sawa, ile ni hadithi. Ila kile kilio cha watu hakuna aliyekiandika. Mpango wa mwanzo haukuwa na jina lake kabisa.

Aprili 7, 2019, WrestleMania 35 kule New Jersey, akampiga Bryan, akawa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Wanawe wakaingia ulingoni. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu tarehe 8. Mimi na mshkaji wangu wa mkono tulikuwa tumeinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka, bando likituishia, picha inakwama na kurudi. Mshkaji alilia. Alisema ni usingizi.

Oktoba 4 mwaka huohuo ofisi ikampa Brock Lesnar ule mkanda, pambano la sekunde chache tu, Kofi hakupata hata nafasi ya kurusha mkono. Wengi wanasema ndiyo sababu hastahili kuwa kwenye ubishi huu. Mimi naona imeonyesha wazi nani mwenye nini. Mkanda ulikuwa wa ofisi, wakauchukua walipotaka. Ile Aprili hawakuweza kuichukua.

Niliyasema haya kijiweni. Dogo wa chuo akarudi kwenye simu yake, akasema basi kama ni mambo yasiyopangwa, Cena anaongoza bado. Amewatimizia ndoto watoto wenye maradhi mazito zaidi ya 650 kupitia Make-A-Wish, hakuna aliyemfikia. Mama chapati akasimama na beseni lake. "Huyo nampa," akasema. "Huyo hata kama kule juu anaigiza, nampa."

Hapo sikuwa na jibu kali, na sijalipata mpaka sasa. Nilichosema ni kwamba ule ni utu, na utu ni mkubwa kuliko mieleka, ila swali letu lilikuwa la mieleka. Mama akasema mimi ni mbishi tu. Huenda.

Ila kuna jambo moja liliwanyamazisha wote, na aliyelileta ni mshkaji wangu wa mkono. Alitoa simu, akatuonyesha vijana wa Mukono, Uganda, hapo hapo ng'ambo ya ziwa letu. Tangu 2023 jamaa mmoja anaitwa Daniel Bumba amekusanya vijana, wa kiume na wa kike, wanaita Soft Ground Wrestling. Ulingo wa Marekani ni pesa ndefu, hawakuwa nayo. Wakachimbia nguzo za miti, wakafunga kamba, na chini badala ya sakafu wakaweka tope. Wanarushana humo, mtangazaji anapiga kelele, watu wamejaa pembeni mpaka juu ya miti. Video zao zimetazamwa dunia nzima. Hakuna ofisi New York wala wapi iliyowaambia anzeni. Umati ulikuja wenyewe, kama wa Wagika na Wagalu.

Siwezi kusema wamemzidi Kofi, kazi zao ndiyo kwanza zinaanza. Lakini miaka ishirini ijayo tukikaa tena pale Mirongo, nadhani ubishi utakuwa na majina ya huko.

Mshkaji aliitazama ile video mpaka mwisho. Kijana karuka kutoka juu ya nguzo, mgongo mgongo, vilevile kama yeye siku ile kwenye jiwe, akazama kwenye tope, akainuka anacheka.

"Tope, bana," akasema, huku anaukunja na kuukunjua ule mkono. "Sisi tulikosa tope tu."

Haya wadau, mimi nimempa Kofi. Wewe unampa nani, na usinipe namba ya mikanda, nipe sababu.