Ukoko wa Birika: Historia Fupi ya Maji Magumu ya Bujumbura



Katika nyumba moja ya Kiriri, ambako nilikuwa nikienda jioni kuwafundisha watoto Kiswahili, yaya alikatwa mshahara kwa kosa la sabuni. Mama mwenye nyumba alihesabu vipande vilivyonunuliwa mwezi ule, akazitazama nguo zilizofuliwa, akaona hesabu hazikubaliani. "Mwalimu," aliniambia, "huyu binti anapeleka sabuni kwao." Yaya alikuwa ametoka milima ya Mwaro miezi michache tu iliyopita. Alijitetea kwa sentensi moja: kwao kipande kimoja hufua nguo za watu sita, lakini huku mjini sabuni hufia ndani ya maji. Hakuna aliyemsikiliza. Nakiri kwamba hata mimi nilinyamaza, nikafungua madaftari ya watoto.

Neno lile, "hufia", lilinifuata hadi nyumbani. Nilipoinua kifuniko cha birika langu la umeme niliuona ukoko mweupe, mgumu kama wa wali ulioungua, umeng'ang'ania chini. Kila nyumba ya mji huu inaujua ukoko huo. Wengi huudhani ni uchafu, wengine husema ni dawa inayotiwa majini. Ukweli ni kwamba ukoko huo una historia ndefu kuliko mji wenyewe.

Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi madini ya kalsiamu na magnesiamu. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, na lita moja ya maji ya ziwa hilo ina takriban miligramu 40 za magnesiamu na miligramu 10 hivi za kalsiamu. Kwa mizani ya wataalamu, hayo tayari ni maji magumu. Kusafishwa mtamboni huondoa tope na kuua vijidudu, lakini hakuyatoi madini yaliyoyeyuka. Chemchemi nyingi za milimani, zinazopita katika miamba mikongwe isiyo na chokaa, hutoa maji laini. Binti wa Mwaro alikuwa akilinganisha maji ya namna mbili, na ulinganisho wake ulikuwa sahihi.

Madini hayo yalifikaje ziwani? Hapa tuutazame mto Rusizi, ambao watu wa Gatumba wanauona kila siku. Mto huo hutoka Ziwa Kivu, na Kivu hulishwa na chemchemi zenye chumvi nyingi za nchi ya volkano za Virunga. Zamani Kivu haikumwaga maji yake kusini. Lava ya volkano hizo iliziba njia ya kaskazini, maji yakapanda, na miaka ipatayo 10,000 iliyopita yakapata mlango kuelekea Tanganyika. Tangu hapo Rusizi umekuwa mchukuzi wa chumvi. Tena ziwa letu halina haraka ya kuyaachia maji yake: sehemu iliyo kubwa kabisa huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui madini. Kinachobaki huzidi kukolea.

Jambo hili liliwasumbua sana Wazungu wa karne ya 19. Burton na Speke walifika Tanganyika mwaka 1858, na walipokuwa Uvira wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Hata hivyo, miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ili kulithibitisha jambo lile lile. (Jiwe la Mugere, kusini mwa mji wetu, ni kumbukumbu ya safari hiyo, wanafunzi wangu kila mwaka huandika kuwa ndipo wawili hao walipokutana, na kila mwaka nawasahihisha kwamba walikutana Ujiji.) Likabaki swali jingine: ziwa linaloingiwa na mito yote hii bila kuwa na pa kutokea lingekuwa chungu kama bahari, mbona maji yake yanyweka? Cameron aliufikia mlango wa Lukuga, upande wa Kongo, mwaka 1874. Stanley alipoukagua mwaka 1876 aliukuta umezibwa kwa tope na majani. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, maji yakaenda kwa kasi kuelekea mto Kongo. Tanganyika, basi, ni ziwa lenye tundu dogo ambalo mara huziba, mara huzibuka. Ndiyo maana maji yake si chumvi kama ya bahari, wala si laini kama ya mvua.

Mji ulipoanza, hakuna aliyewaza habari ya sabuni. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916 na kuufanya mji kuwa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Ramani ya mji ilifuata rangi ya ngozi: Waafrika waliwekwa bondeni, Buyenzi na mtaa wa Belge ambao leo ni Bwiza, na wenye mamlaka wakajitafutia miinuko yenye upepo. Kiriri ikapata nyumba za bustani kubwa na, katika miaka ya 1950, shule ya Wajesuti ya Roho Mtakatifu, ambayo majengo yake sasa ni ya Chuo Kikuu cha Burundi. Hata jina Regideso lilizaliwa Kongo ya Wabelgiji mwaka 1939, likabaki kwetu baada ya uhuru wa 1962 kama jina la shirika linalotupa maji na umeme pia.

Ziwa liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Kiriri iko mlimani. Maji ya ziwani hayawezi kupanda huko yenyewe. Lazima yasukumwe kwa umeme. Umeme ukikatika, mwenye mandhari nzuri kuliko wote hushika ndoo kama jirani yake wa bondeni. Na maji yakirudi katika robine, kama tuitavyo hapa mjini, huja na madini yale yale.

Nyumbani madini hayo hufanya kazi mbili. Maji yakichemka, kalsiamu huganda kuwa chokaa, ikavika birika na waya za mtungi wa kupashia maji ya kuogea; waya zilizovikwa hula umeme zaidi, kisha huungua. Ndimu au siki iliyochemshwa humo huuondoa ukoko huo kwa dakika chache. Kazi ya pili ni ya sabuni ya kipande, hasa ya mafuta ya mawese: huungana na madini, ikawa utando wa kijivu usiosafisha kitu, na povu huanza tu madini yakishamalizwa. Sabuni ya unga huumia kidogo zaidi. Kuhusu maharagwe, akina mama hubishana, nao wote wana haki: madini hukaza ganda, ilhali bikaboneti iliyomo ndani ya maji hayo hayo hulilainisha.

Ila mtu asiache kuchemsha maji kwa kuogopa ukoko. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Kipindupindu ndicho kilichoua watu katika pwani ya ziwa hili, mwaka 1978 na tena 1992, na maji mabichi ya ziwa yalikuwa mojawapo ya njia zake.

Ilinichukua majuma mawili kupata ujasiri. Mvua ilinyesha usiku. Jioni yake nikamwomba mama yule beseni mbili, moja ya maji ya mvua, moja ya robine, na kipande kimoja cha sabuni kilichokatwa katikati. Alifua mwenyewe, vitambaa viwili vya jikoni. Katika beseni ya kwanza povu lilifika viwikoni. Katika ya pili alisugua, akasugua tena, hadi nusu ile ya sabuni ikabaki kama ukucha, na juu ya maji kukaelea utando wa kijivu.

Alijifuta mikono bila kusema neno. Mwisho wa mwezi yaya alilipwa mshahara kamili. Ule uliokatwa mwezi wa nyuma haukurudishwa, na wakati wa Pasaka binti alirudi Mwaro.